Zawadi ya Yonathani na zawadi ya Siba: jinsi vitabu vya Samweli vinavyompima rafiki

Mleta mada:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naleta mada kuhusu urafiki wa Yonathani na Daudi, lakini naomba tuutazame kwa upande usiozungumzwa sana, yaani upande wa zawadi. Katika vitabu vya Samweli watu wanapeana vitu kila mara: mavazi, silaha, mikate, punda, mashamba, hata maji ya kunywa. Msimuliaji wake hapendi maneno mengi, lakini akifika kwenye zawadi huziorodhesha moja moja, na mara nyingi hutaja idadi. Mimi naamini anafanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu kwake zawadi ni ushahidi. Anataka msomaji aulize kila mara: kitu hiki kimetoka kwa nani hasa, na aliyekitoa amepungukiwa nini?

Tuanze na 1 Samweli 18. Daudi ametoka kumwua Goliathi, na amemaliza kumjibu mfalme Sauli aliyetaka kujua ni mwana wa nani. Hapo ndipo Yonathani, mwana wa mfalme, anapovua joho alilolivaa na kumpa kijana huyo mchunga kondoo, kisha anampa mavazi yake, upanga wake, upinde wake na mshipi wake. Hakutuma mtumishi aende kuchukua kitu ghalani, wala hakumwambia Daudi arudi kesho. Vitu vyote vitano vilikuwa mwilini mwake saa ile.

Upanga huo unahitaji maelezo. Sura ya 13 ya kitabu hicho hicho inasema kwamba Wafilisti walihakikisha hakuna mhunzi katika nchi yote ya Israeli, Waebrania wasije wakajifulia panga na mikuki. Mkulima aliyetaka kunolewa jembe, shoka au mundu ilimbidi ateremke kwa Wafilisti na kuwalipa fedha. Ndiyo maana siku ya vita, kati ya watu wote waliokuwa pamoja na Sauli na Yonathani, hakuonekana mwenye upanga wala mkuki isipokuwa hao wawili, baba na mwana. Hata tukikubali kwamba baadaye silaha ziliongezeka kwa nyara, msomaji aliyepitia sura ya 13 akifika sura ya 18 anajua vizuri Yonathani anatoa kitu cha namna gani. Anajua pia kwamba anayepewa hakuwa nacho, kwa kuwa sura ya 17 imetamka wazi kwamba Daudi alimpiga Mfilisti bila upanga mkononi, na ili ammalize ilimbidi auchomoe upanga wa huyo huyo adui.

Joho nalo lina historia yake katika simulizi hii. Katika sura ya 15, pindo la vazi la Samweli liliraruka pale Sauli, aliyekwisha kukataliwa na Bwana, alipolishika, na nabii akaifanya hiyo kuwa ishara kwamba ufalme umeraruliwa kutoka kwake na kupewa jirani yake aliye mwema kuliko yeye. Katika sura ya 24, Daudi anakata pindo la vazi la Sauli kwa siri ndani ya pango huko Engedi, na mara moyo unamchoma, kwa sababu anajua amegusa zaidi ya kitambaa. Kati ya matukio hayo mawili yuko Yonathani, mrithi halali, anayelivua joho lake kwa hiari na kumvika mwingine. Sauli alinyang'anywa ufalme na akaupigania mpaka siku ya kufa kwake. Mwanawe aliuvua mwenyewe. Miaka kadhaa baadaye, huko Horeshi katika nyika ya Zifu, anasema kwa kinywa chake kwamba Daudi atakuwa mfalme na yeye atakuwa wa pili wake, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kusema hivyo zamani.

Sasa mlinganisheni na baba yake, kwa maana msimuliaji amewaweka karibu makusudi. Kabla ya pambano, Sauli naye alimvika Daudi mavazi yake, chapeo ya shaba na darii, na Daudi akayavua kwa sababu hakuyazoea. Baada ya pambano ikabaki ahadi: atakayemwua Mfilisti atatajirishwa, ataozwa binti wa mfalme, na nyumba ya baba yake itakuwa huru. Binti mkubwa, Merabu, wakati wa kuozwa ulipofika akapewa Adrieli. Mdogo, Mikali, alitolewa kwa sharti la kuua Wafilisti mia, na sura ya 18 inatufunulia nia ya Sauli bila kuificha: alitaka Daudi aanguke kwa mikono ya Wafilisti. Hiyo ni zawadi iliyokusudiwa kumwua anayeipokea. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Sauli na Yonathani walikaa meza moja, wakamtazama kijana mmoja, wakaona kipaji kile kile, na kila mmoja akatoa kulingana na moyo wake.

Yonathani alitoa bila kuomba kitu. Ombi lilikuja baadaye, katika sura ya 20, siku walipokwenda shambani kupanga ishara ya mishale, na hata hapo hakuomba mali. Aliomba kwamba Bwana atakapowakatilia mbali adui wote wa Daudi, Daudi asiukatilie mbali wema wake usiifikie nyumba ya Yonathani. Wakaapa. Siku ya pili ya karamu ya mwezi mwandamo, kiti cha Daudi kilipokuwa kitupu, Sauli akamrushia mwanawe mkuki, na Yonathani akaondoka mezani kwa hasira bila kula, kwa ajili ya Daudi. Kisha tunajua yaliyofuata: mlima Gilboa, Yonathani akafa upande wa baba yake, na Daudi akaimba maombolezo ambamo upinde wa Yonathani unatajwa kwa heshima kwamba haukurudi nyuma. Sijui kama upinde aliokuwa akiukumbuka ni ule aliopewa, lakini ningekuwa Daudi nisingeweza kulitamka neno hilo bila kukumbuka siku ile.

Ndipo tunafika 2 Samweli 9. Daudi sasa ni mfalme, rafiki yake amekufa, hakuna anayeweza kumdai. Anauliza mwenyewe kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Anaambiwa kuhusu Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili tangu alipoanguka akiwa na miaka 5, siku yaya wake alipokuwa akimkimbiza baada ya habari za Gilboa kufika. Anakaa Lo-debari, katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli. Daudi anamrudishia mashamba yote ya Sauli, anamwagiza Siba, mtumishi wa nyumba hiyo, ailime nchi pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20 na kuyaleta mavuno, na Mefiboshethi anakula mezani pa mfalme siku zote kama mmoja wa wana wa mfalme.

Wengi huishia hapo kwa shangwe. Mimi nawaomba tusogee hadi sura ya 16, kwa sababu huko yupo mtu mwingine mwenye zawadi. Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu aliyemwasi, amepita kidogo kilele cha mlima, amechoka. Siba anamlaki na punda wawili waliotandikwa, wamebeba mikate 200, vichala 100 vya zabibu kavu, matunda 100 ya wakati wa hari na kiriba cha divai. Anaulizwa aliko bwana wake, naye anajibu kwamba amebaki Yerusalemu akitumaini kurudishiwa ufalme wa babu yake. Mfalme, palepale barabarani, bila kusikiliza upande wa pili, anampa Siba mali yote ya Mefiboshethi.

Mikate ile ilitoka shamba gani? Zabibu zile zilichumwa kwa nani? Siba alikuwa akiilima nchi ya Mefiboshethi kwa amri ya mfalme mwenyewe. Na punda je? Katika sura ya 19, Mefiboshethi anamweleza Daudi kwamba alikusudia kutandika punda ampande aende pamoja na mfalme, kwa sababu yeye ni kiwete, ila mtumishi wake alimdanganya. Nikiunganisha sura hizo mbili, naona punda waliotandikwa wakiondoka Yerusalemu bila mwenye haja nao, na bwana wao akiachwa nyuma hana miguu ya kwenda. Siba alitoa zawadi kubwa kwa wingi kuliko ya Yonathani, na sioni kitu hata kimoja ndani yake kilichompunguzia yeye.

Hiyo ndiyo mada yangu. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kazi nzuri, lakini nina pingamizi. Umemchora Yonathani kama mtu asiye na hesabu yoyote, na mimi naona andiko lenyewe halisemi hivyo. Katika sura ya 20 anaomba ulinzi kwa nyumba yake kwa kiapo. Katika nyakati zile, mfalme mpya wa nasaba mpya alikuwa akiwaua wazao wa mfalme aliyetangulia, na vitabu vya Wafalme vimejaa mifano: Baasha aliimaliza nyumba ya Yeroboamu, Zimri akaimaliza nyumba ya Baasha, Yehu akaimaliza nyumba ya Ahabu. Mwana wa mfalme mwenye akili, akiona upepo unavuma kuelekea kwa Daudi, angefanya agano mapema. Je, hatuoni hapa mwanasiasa mwenye busara aliyenunua bima kwa joho na upanga?

Mleta mada:

Pingamizi lako ni zito, nami silikwepi. Ni kweli kwamba agano lilikuwa na faida kwa pande zote mbili, na sioni kosa lolote katika hilo. Watu wa zama zile hawakudhani kwamba urafiki unachafuka pale rafiki anapomlinda mwenzake.

Lakini tazama mpangilio wa matukio. Joho na upanga vilitolewa katika sura ya 18, kabla wanawake hawajaimba kwamba Sauli amewaua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, kabla Sauli hajaanza kumwonea Daudi wivu, na kabla Yonathani hajawa na sababu yoyote ya kuiogopa nyumba ya Yese, baba wa Daudi. Daudi wa siku ile alikuwa kijana aliyetumwa vitani na baba yake kuwapelekea kaka zake efa (kipimo cha nafaka) ya bisi na mikate kumi, na jibini kumi kwa akida wa elfu yao. Ombi la ulinzi lilikuja baada ya urafiki kuwa tayari umemgharimu Yonathani amani ya nyumbani kwao. Kisha kuna safari ya Horeshi. Daudi wakati huo ni mtoro anayetangatanga na watu wapatao 600, mfalme anamtafuta kila siku, na Yonathani anakwenda kumtia nguvu. Mwanasiasa anayenunua bima humwendea mwenye nguvu, naye angetuma mjumbe.

Tena, kama ingekuwa hesabu, angebaki Horeshi. Alirudi nyumbani, akaendelea kumtumikia baba aliyemrushia mkuki, akafa naye. Alikuwa mwaminifu kwa watu wawili waliokuwa maadui, na hakumsaliti hata mmoja wao ili kumpendeza mwingine.

Waalimu wa Kiyahudi walilitazama swali hili zamani. Katika Pirkei Avot, ambayo ni sehemu ya Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya Kiyahudi uliokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, wanasema kwamba upendo unaotegemea kitu hutoweka kitu hicho kinapotoweka, na usiotegemea kitu hautoweki kamwe. Mfano wao wa upendo unaotegemea kitu ni Amnoni na Tamari. Mfano wa usiotegemea kitu ni Daudi na Yonathani. Hao walikuwa watu waliozijua sura zote za agano na kiapo, na bado wakaamua hivyo.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuongeza jambo, kwa sababu mjadala huu umejaa wafalme na panga, na kitabu cha Ruthu kiko kurasa chache tu kabla ya Samweli katika Biblia zetu.

Maneno ya Ruthu, kwamba utakakokwenda nitakwenda na watu wako watakuwa watu wangu, tumezoea kuyasikia kwenye ndoa, hata wengine wamesahau kwamba mkwe aliyefiwa ndiye aliyemwambia mama mkwe wake, Naomi, njiani, katikati ya Moabu na Bethlehemu. Hakuna mume hapo, wala mali. Naomi anafika kwao na kuwaambia wanawake wa mji kwamba aliondoka akiwa amejaa, naye Bwana amemrudisha mtupu, ilhali Ruthu amesimama pembeni yake anasikia. Ningeumia sana kama ningekuwa Ruthu. Yeye anajibu kwa kazi.

Kwa kipimo cha mleta mada, tazameni kinachotoka kwake. Siku ya kwanza ya kuokota masazo, Boazi, mwenye shamba, anampa bisi wakati wa chakula. Anakula, anashiba, anabakiza. Jioni anapura alichookota na kupata kama efa moja ya shayiri, anaibeba hadi mjini, kisha anatoa na yale mabaki ya chakula chake cha mchana na kumpa mkwewe. Msimuliaji angeweza kuishia kwenye efa, maana ndiyo nyingi. Amelitaja tonge lililobakizwa kwa sababu hilo lilitoka kwenye sahani ya Ruthu mwenyewe, mtu aliyekuwa ameshinda juani tangu asubuhi akiwa na njaa.

Na Boazi naye, katika sura ya 3, anampimia vipimo sita vya shayiri akisema asiende kwa mkwewe mikono mitupu. Yule mama aliyesema amerudi mtupu anapelekewa nafaka kwa sababu hiyo hiyo. Mwishoni wanawake wale wale wa mji wanamwambia Naomi kwamba mkwe huyu ampendaye ni mwema kwake kuliko wana saba. Ninaona hapo wanamjibu yale aliyoyasema siku ya kwanza.

Mleta mada:

Dada, nakushukuru mno. Nilikisoma kitabu hicho mara nyingi na sikuwahi kulitazama tonge lile namna hiyo. Sina la kuongeza.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi nina swali la vitendo. Katika makanisa yetu tunaambiwa tusiende kwa mtumishi wa Mungu mikono mitupu, na andiko linalotumika ni 1 Samweli 9, Sauli alipokwenda kwa mwonaji kuuliza habari za punda wa baba yake waliopotea. Waswahili nao husema mkono mtupu haulambwi. Je, hiyo ndiyo zawadi unayoizungumzia?

Mleta mada:

Swali lako ni la muhimu, nami nitalijibu kwa uwazi, kwa kuwa naona watu wengi wanyonge wanaumizwa na andiko hilo.

Soma sura ya 9 polepole. Anayesema hana zawadi ya kumpelekea mtu wa Mungu ni Sauli mwenyewe, kwa kuwa mkate umekwisha vyomboni mwao. Anayetoa robo ya shekeli ya fedha ni mtumishi wake, kutoka mkononi mwake. Samweli hakuomba kitu, na hakuna mstari unaosema alikipokea. Kilichoandikwa ni kinyume chake: Samweli ndiye aliyemkaribisha Sauli mezani, akamketisha mahali pa heshima mbele ya watu wapata 30, akamwamuru mpishi amletee paja aliloagizwa aliweke akiba. Aliyekwenda na robo ya shekeli aliondoka ameshiba. Baadaye, katika sura ya 12, nabii huyo huyo anasimama mbele ya taifa zima akiwa mzee mwenye mvi na kuwauliza amechukua ng'ombe wa nani, au punda wa nani, au amepokea rushwa kwa nani, nao wanajibu kwamba hakupokea kitu mkononi mwa mtu yeyote. Wanawe, kwa upande mwingine, walipokea rushwa na kupotosha hukumu, na hilo ndilo lililowapa wazee sababu ya kudai mfalme.

Ongeza na Elisha. Naamani wa Shamu alifika kwake na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, akapona ukoma, akamsihi nabii apokee, na nabii akakataa. Gehazi mtumishi wake alimkimbilia mgeni njiani kwa uongo ili apate sehemu, akarudi na talanta mbili, mavazi mawili na ukoma ule ule.

Kwa hiyo maandiko haya yanajua vizuri kwamba zawadi hufungua milango. Kitabu cha Mithali kinasema hivyo bila kuona haya, na kinaongeza kwamba kila mtu ni rafiki yake atoaye zawadi. Lakini Torati, katika Kutoka 23 na Kumbukumbu la Torati 16, inaonya kwamba rushwa huwapofusha macho wenye kuona. Mtu anayekuambia kwamba Mungu atakusikiliza kwa kadiri ya bahasha yako anasimama upande wa Gehazi, na sioni njia ya kulisema jambo hili kwa upole zaidi.

Mchangiaji wa nne:

Narudi kwa Siba, kwa maana naona amehukumiwa kwa haraka kama vile Mefiboshethi alivyohukumiwa. Waswahili tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Siku ile Daudi alikuwa akitukanwa na kurushiwa mawe na Shimei, mshauri wake Ahithofeli alikuwa amemgeuka, na mwanawe alikuwa akimtafuta amwue. Siba alijitokeza hadharani na chakula. Kama Absalomu angeshinda, zawadi ile ingemgharimu kichwa. Tena hata waalimu wa Kiyahudi katika kitabu chao cha Talmudi ya Babeli, Shabati 56b, hawakukubaliana: mwalimu Rav alisema Daudi alipokea masingizio, lakini mwalimu mwenzake Shmuel alisema hakuyapokea, kwa sababu aliona kwa macho yake dalili katika Mefiboshethi. Kwa nini tumwamini kiwete na tusimwamini mtumishi?

Mleta mada:

Nashukuru kwa kuileta Talmudi, na umeileta kwa haki. Nakubali pia kwamba Siba alijihatarisha. Hilo sikulisema nilipoanza, nalo linastahili kusemwa. Ila nakuomba tuwatazame watu wengine waliomletea Daudi chakula katika safari hiyo hiyo, halafu tumweke Siba kando yao.

Katika sura ya 17, Daudi amefika Mahanaimu ng'ambo ya Yordani, na watu watatu wanamletea vitanda, mabakuli, vyombo vya udongo, ngano, shayiri, unga, bisi, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo na jibini, wakisema kwamba watu wana njaa, wamechoka na wana kiu nyikani. Hakuna hata mmoja wao anayemsema mtu vibaya, wala hakuna anayeondoka na hati ya shamba. Mmoja ni Barzilai Mgileadi. Vita vilipokwisha, Daudi alimsihi aende naye Yerusalemu akatunzwe, naye akajibu kwamba ana miaka 80, hawezi tena kutambua ladha ya anachokula wala kusikia sauti za waimbaji, kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Aliomba arudi akafe karibu na kaburi la baba yake na mama yake, akamtoa Kimhamu aende badala yake. Daudi hakumsahau: katika maagizo yake ya mwisho kwa Sulemani, kati ya maneno mazito ya kulipiza kisasi, aliagiza wana wa Barzilai wale mezani pake.

Wa pili katika wale watatu ni Makiri mwana wa Amieli, wa Lo-debari. Jina hilo mmelisikia. Ndiye aliyemficha na kumlisha Mefiboshethi miaka yote ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba Yonathani ameacha mwana. Mtu huyu alimhifadhi mrithi wa nyumba ya Sauli wakati haikuwa na faida, kisha akamlisha Daudi wakati haikuwa na faida. Kama Mefiboshethi angekuwa na njama ya kuurudisha ufalme wa babu yake, Makiri angekuwa na sababu kuliko watu wote ya kukaa kwake na kusubiri. Alipakia vyakula akaenda Mahanaimu.

Sasa kuhusu dalili alizoziona Daudi. Mefiboshethi alishuka kumlaki mfalme akiwa hajaitunza miguu yake, hajazikata ndevu zake, wala hajazifua nguo zake tangu siku mfalme alipoondoka. Shmuel aliona hapo dalili mbaya, nami namheshimu, lakini naona ugumu wa kuigiza jambo hilo. Nguo zilizovaliwa tangu mfalme alipokimbia mpaka aliporudi hazitengenezwi asubuhi moja. Na kama angekuwa anautaka ufalme, angepamba sura yake mbele ya watu wa Yerusalemu, kama Absalomu alivyofanya kwa magari na farasi.

Daudi alipokosa hakika, alisema Mefiboshethi na Siba waigawanye nchi. Linganisheni na hukumu ya Sulemani katika 1 Wafalme 3. Sulemani alitishia kugawanya mtoto ili amjue mama wa kweli, na alimjua kwa yule aliyesema mwingine na apewe mtoto akiwa mzima. Mefiboshethi alisema neno hilo hilo: Siba na aichukue yote, maadamu bwana wangu mfalme amerudi nyumbani kwake kwa amani. Jibu lilikuwa mbele ya Daudi, na andiko halionyeshi kwamba aliibadili hukumu yake. Rav alilichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa, akafundisha kwamba saa Daudi aliposema igawanyeni nchi, sauti kutoka mbinguni ilisema kwamba Rehoboamu na Yeroboamu wataugawanya ufalme.

Lakini kiapo hakikufa. Katika sura ya 21, Wagibeoni wanadai wana saba wa nyumba ya Sauli wauawe, na Daudi anawatoa. Ni sura nzito, na Rispa anayewalinda maiti wa wanawe dhidi ya ndege na wanyama anastahili uzi wake mwenyewe. Hata hivyo msimuliaji anasimama kidogo kutuambia kwamba mfalme alimwachilia Mefiboshethi mwana wa Yonathani, kwa sababu ya kiapo cha Bwana kilichokuwa kati ya Daudi na Yonathani. Mashamba aliyorudishiwa yalikuwa yamegawanywa, na msimuliaji hatuambii Siba aliishia na nini. Uhai wake ulisalimika kwa neno lililosemwa shambani karibu na jiwe la Ezeli, na baba ambaye hakuishi kuliona likitimizwa. Mchangiaji wa nne, kama bado unaona nimemwonea Siba, nitafurahi kuusoma utetezi wako kuhusu wale punda wawili, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu yote imesimama.